Mama Kitambaa na Vioo Vilivyokufa

Kwenye karakana ile walimwita Mama Kitambaa, kwa sababu kitambaa hakikumtoka begani. Kilikuwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na kazi yake ilikuwa kufuta vioo. Si vioo vya madirisha wala vya kujitazamia. Vilikuwa vioo vya viti vya ndege, vile viti vya abiria wa mbele, ambavyo kila kimoja kimezungushiwa ukuta wake na mlango wake mdogo, utadhani ni chumba cha mtu aliyegombana na nyumba nzima akahamia kwenye kona na godoro lake.

Vioo hivyo vilikuwa na tabia yao. Bila umeme vilikuwa vyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Umeme ukipita, weupe unayeyuka na kioo kinakuwa angavu kama hakipo. Mafundi walisema kioo kimelala au kimeamka. Kila mgeni aliyeingia karakanani alikosea hapo hapo: alidhani umeme ndio unaoleta weupe. Akielezwa kwamba ni kinyume chake alikubali kwa kichwa, kisha akauliza swali lile lile kwa maneno mengine.

Abiria akitaka kusinzia, anakiacha kioo kilale, jirani asimwone akikoroma mdomo wazi. Akitaka sinema, kimashine kilichofichwa kwenye fremu kinarusha picha juu ya weupe ule ule. Akitaka kuzungumza na mkewe aliyekaa kiti cha pili, anabonyeza na kioo kinaamka. Fundi umeme alikuwa akiwaeleza wageni hayo yote, na mwisho akiongeza kwamba asiyetaka kuzungumza na mkewe habonyezi kitu.

Mama Kitambaa alipokea kila kioo kikitoka kwa watu wa gundi. Alikifuta pande zote mbili, akakiegemeza, akawasha taa ya mkono na kukipitia polepole kona hadi kona, akitafuta kiputo, unywele, alama ya kidole. Kisha alikiunganisha na waya wa majaribio, akakiamsha na kukilaza, akakiamsha tena na kukilaza. Vilivyokuwa vizima viliendelea na safari yao. Vilivyogoma kuamka alivibandika utepe mwekundu, navyo vikaegemezwa kwenye ukuta wa stoo kusubiri lori la kuvipeleka kuvunjwa. Hivyo waliviita vilivyokufa. Kioo kilichokufa hubaki cheupe moja kwa moja. Hata ukikipa umeme wa mji mzima, hakishtuki.

Kazi hiyo hakuisomea. Shule yake iliishia la saba. Utotoni, kwao walikuwa wakitumia taa ya chemni, na mkono wake ndio pekee uliopenya kwenye kile kioo chembamba, kwa hiyo kila jioni aliitwa kukisafisha masizi. Alipokua akajifunza cherehani, akaajiriwa karakana hiyo hiyo upande wa washonaji, akishona mavazi ya viti. Msimamizi, mzee mmoja mwembamba mwenye maneno ya kupimwa kwa kijiko, alipita siku moja akamkuta anafumua mshono wa mwenzake uliokwenda upande kwa unene wa uzi tu. Alisimama akatazama, akaondoka. Kesho yake alimletea kioo na kitambaa.

Upande wa vioo alikuwa mwanamke peke yake. Fundi wa fremu waliyemwita Ngazi alikuwa mrefu kiasi kwamba hakuhitaji kitu cha kupandia. Fundi umeme aliitwa Shoti, jina alilopewa wiki yake ya kwanza baada ya kuizima karakana nzima na ofisi ya mhasibu juu yake. Watu wa gundi walifunika midomo na pua mchana kutwa, na mtu alipaswa kuwajua kwa macho. Waliishi vizuri. Utani ulikuwa mwingi na haukumbagua mtu.

Kisha akajifungua.

Mtoto alikuwa na jina la heshima, la babu yake, lakini halikupata kutumika. Bibi yake mzaa baba, aliyekaa nao, alimtazama siku ya kwanza, ngumi zimekunjwa na uso umekunjamana, akasema huyu anafanana na mtu anayetaka kumfukuza mtu kazi. Tangu hapo akawa Bosi. Bosi amekula? Bosi amelala? Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, alipiga simu kutoka njiani na kuuliza kama Bosi amemruhusu mtu yeyote alale.

Likizo ilipokaribia kwisha, walinunua maziwa ya kopo. Bosi aliyatapika. Wakabadilisha kopo. Aliyatapika na hayo, ngozi ikamtoka vipele vyekundu mpaka nyuma ya masikio. Muuguzi wa kliniki aliwaambia wasimlazimishe. Tumbo la mtoto huyu bado halijakubali, alisema, mpeni ya mama mpaka akue kidogo. Ikabidi mpango uwe hivi: asubuhi anyonye, mchana bibi ampe chupa, na chupa ya kesho ijazwe leo, kazini. Bila hivyo maziwa yenyewe yangekauka. Na kuacha kazi lilikuwa jambo zito, kwa sababu hela ya lori ilikuja na kupotea kama simu ya mtu asiye na chaji. Mshahara wa vioo ndio uliolipia chumba na sebule walimoishi. Akikosa mahali pa kukamulia, ama mtoto alale na njaa ama yeye abaki nyumbani. La katikati halikuwepo.

Na mahali hapakuwepo. Choo cha wanawake kilikuwa kimoja, cha kushirikiana na karakana ya jirani, komeo lake limelegea, kinanuka dawa ya kuondolea gundi. Alijaribu. Alisimama mle ndani ameshika pampu ya mkono, na kila hatua ya mtu koridoni ilipita kifuani mwake na kuyafunga maziwa. Alitoka na vitone visivyofunika hata kitako cha chupa. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha wote. Stoo ilikuwa wazi upande mmoja, watu wanaingia na kutoka kuchukua misumari.

Katikati ya karakana kilisimama kiti cha mfano. Kilikuwa kimekamilika, na kuta zake, mlango wake wa kioo, taa yake ya kusomea juu ya bega, godoro na kila kitu, kikisubiri watu wa shirika la ndege waje kukikagua. Hakikuruhusiwa kukaliwa. Saa ya chakula cha mchana taa za karakana zilizimwa kwa agizo la mwenye mali, ambaye hakutaka kulipia mwanga wa watu wanaotafuna, na kwa kuwa madirisha hayakuwepo kwa ajili ya vumbi, giza lilijaa isipokuwa pale kwenye lango kubwa. Hapo ndipo mafundi walipoweka mabenchi yao mduara na kula wakibishana mpira.

Siku moja matiti yalikuwa yamejaa na kuwa moto na magumu kama mawe, na blauzi imeanza kulowa. Mama Kitambaa alitazama langoni, akatazama kiti. Akaingia, akavuta mlango. Kioo kilikuwa kimelala, hakuhitaji kubonyeza chochote. Aliwasha taa ya kusomea ili aione chupa. Mle ndani palikuwa kimya kama ndani ya kabati la nguo. Alishusha pumzi, mabega yakamlegea, na maziwa yakaja yenyewe.

Tangu siku hiyo ikawa kawaida yake. Wakati mwingine aliwasha na picha ya majaribio, ile isiyo na sauti, iliyotumiwa kupima rangi. Ilianza na maua, ikaenda kwenye samaki, ikaishia kwa ng'ombe waliotulia malishoni. Mara ya kwanza alipowaona alicheka peke yake, pampu mkononi. Alipomsimulia wifi yake, dada wa mumewe aliyezoea kupita jioni kumbeba Bosi, wifi alitaka kujua kama kati ya wale ng'ombe kulikuwa na yeyote aliyemtambua.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Siku ya pili tu alipotoka kwenye kiti, alikuta mabenchi hayako mduara tena. Yalikuwa yamepangwa mstari, yanatazama nje barabarani, na mafundi wote wameketi wamempa mgongo, mfano wa abiria kwenye basi lisilo na dereva. Mabishano ya mpira yaliendelea, ila kwa shingo zilizonyooka. Hakuna aliyegeuka alipopita. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Ngazi, ambaye hakuwahi kumwacha apite bila neno la uchokozi, sasa akimkaribia alizungumzia hali ya hewa. Shoti alijifanya anatafuta koleo.

Alilichukua moyoni. Alifikiri wamejua kwamba anakalia kiti kilichokatazwa na wamekasirika, au wamechoshwa na mwanamke aliyerudi na macho mazito ya usingizi, anayetoka mapema kuwahi mtoto. Nyumbani alimwambia mama mkwe kwamba wenzake wamemtenga. Mama mkwe alikuwa akimfuta Bosi shingo. Alisema waache watenge, mradi maziwa yanakuja.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi wa shirika la ndege alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini, mtu wa kugusa kila kitu mara moja na kutorudia. Alibonyeza, kioo kikaamka. Alibonyeza, kikalala. Alitazama maua, samaki na ng'ombe bila kubadilisha uso. Msimamizi alisimama pembeni, mikono nyuma. Mama Kitambaa alisimama karibu na kioo, kitambaa begani, kwa sababu wageni huacha vidole.

Kisha mkaguzi akasema taa za karakana zizimwe. Ndani ya ndege usiku, alieleza, taa za njia huzimwa watu walale, na yeye alitaka kuona kioo kinavyomficha abiria wakati huo. Akaomba mtu mmoja aingie akae, awashe taa ya kusomea, afanye anavyofanya mtu aliye peke yake.

Mkaguzi alimtazama Mama Kitambaa aliyekuwa karibu, akasema huyu mama anafaa, kimo chake ni cha abiria wengi.

"Huyo hapana," msimamizi akasema haraka kuliko alivyozoea kusema kitu chochote. "Ngazi, ingia wewe."

Mama Kitambaa alihisi uso ukimwaka. Hata mbele ya wageni, alifikiri. Lakini hakuwa na muda wa kuumia zaidi, kwa kuwa Ngazi alikuwa ameshajikunja akaingia, magoti juu kama panzi, mlango ukafungwa na Shoti akazima taa.

Karakana ikawa giza. Ndani ya kiti taa ya kusomea ikawaka. Na pale juu ya kioo cheupe Ngazi akatokea mzima mzima, mweusi, kingo zake zimekatwa kama kwa mkasi. Pua yake ilionekana, na kidevu, na lile fupa la shingoni lililopanda na kushuka alipomeza mate. Nywele zilizosimama kisogoni zilihesabika. Ngazi, aliyeamini kwamba hakuna anayemwona, alijinyoosha, akajikuna kwapa, akafikiri kidogo, kisha akaingiza kidole puani na kuanza kukizungusha kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Kicheko kilipasuka. Watu wa gundi walishikana mabega. Hata mkaguzi aliinua kalamu akafunika mdomo. Kutoka ndani Ngazi akauliza kuna nini, kivuli chake kimegeuza kichwa, kidole bado kipo pale pale.

Mama Kitambaa hakucheka. Alikuwa akitazama kile kivuli na kuona kingine. Aliuona mkono wake ukifungua vifungo. Aliiona chupa, pampu, alivyoinama. Taa ile ile, giza lile lile, kioo kile kile, kila siku ya kazi tangu aingie mle mara ya kwanza. Yeye alikuwa amevikagua vioo vyote hivyo kwa macho makali, lakini daima karakana ikiwa na mwanga, na daima akiwa upande wa nje wa kiti kitupu. Na alipokuwa ndani, alikuwa ndani.

Aligeuza macho kwa wenzake. Kicheko kilikuwa kimezimika ghafla, kama kilivyoanza. Mmoja wao alikuwa amekumbuka, kisha wote. Shoti alikuwa akiitazama swichi kana kwamba imeandikwa maneno. Watu wa gundi waliangalia sakafu. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia yeye, na kutomwangalia kwenyewe kulikuwa kwa bidii sana, kwa shingo zilezile zilizonyooka za kwenye mabenchi.

Basi akajua.

Mkaguzi alisema kiti hakiwezi kupita. Taa ihamishwe, kioo kiongezwe utando mweusi upande wa nje, na kiti kifunguliwe chote kifungwe upya. Msimamizi alikubali bila ubishi, wageni wakaondoka, na kabla ya jioni Ngazi alikuwa ameshaanza kukifungua kiti skrubu moja moja, bila kupiga mluzi.

Mama Kitambaa alipofika nyumbani alimnyonyesha Bosi kwa muda mrefu, amegeukia ukuta, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumwonea haya. Kisha alikwenda sebuleni akawaambia mama mkwe na wifi kwamba haendi tena kazini ila kesho tu, kuaga. Wakamuuliza kisa. Akawaeleza, macho yakiwa kwenye zulia.

Wifi alijaribu kujizuia, akashindwa. Akauliza kama kivuli chenyewe angalau kilikuwa chembamba.

"Nyamaza wewe," mama mkwe akasema, lakini si kwa ukali. Alikuwa akikunja nepi, anazinyoosha kwa kiganja na kuzipanga. "Mwanangu, hayo mabenchi yaligeuzwa lini?"

"Siku ya pili yake."

"Siku ya kwanza walikuwa wanatazama ndani?"

"Walikuwa mduara, kama kawaida."

"Walipoona, kesho yake wakageuza."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alikunja nepi nyingine. "Haya," akasema. "Basi usiniambie tena kwamba walikutenga."

Usiku aliyafikiria hayo. Aliona ni kweli, na ukweli huo ulimpoza kidogo, lakini haukumjengea ukuta. Hata kama wote walifumba macho, yeye asingeweza tena kukaa nyuma ya kioo kile na kutulia, na asipotulia maziwa hayaji. Na sasa hata kiti chenyewe kilikuwa vipande sakafuni. Aliamka akiwa na neno lake moja tayari: anaacha.

Asubuhi hiyo msimamizi alikuwa na watu ofisini, ikabidi asubiri. Akashika kazi ili mikono isikae bure. Kioo cha kwanza kikaamka vizuri. Cha pili kikaamka. Cha tatu alikiunganisha, akabonyeza, kikabaki cheupe. Alijaribu waya mwingine. Kimya. Akakibandika utepe mwekundu, akakibeba mpaka stoo na kukiegemeza pamoja na wenzake.

Walikuwa wengi pale ukutani, wamepangwa kama watu kwenye foleni, kila mmoja na utepe wake. Alisimama akawatazama. Hakuna swichi ambayo ingeweza kuwaamsha hawa, kwa bahati mbaya wala kwa makusudi.

Mkono wake ulitangulia kabla ya mawazo. Alichukua taa yake ya kazi, akakivuta kioo kimoja mbele, akaweka taa nyuma na mkono wake katikati. Kivuli kikajichora, vidole vyote vitano. Akaihamisha taa, akaibana kwenye ukingo wa kioo chenyewe ielekee ndani, taa sasa ikawa kati ya kioo na mkono. Akachungulia kwa nje. Weupe mtupu. Akausogeza mkono huku na huku. Weupe. Aliufanya mchezo huo mara kadhaa kama alivyozoea kukiamsha na kukilaza kioo, mpaka akaridhika. Kivuli kilikuwepo, lakini kilikuwa kimeangukia upande wa pili, ukutani, ambako hakuna mtu.

Matiti yalikuwa yameanza kuuma. Akaenda ofisini. Wageni wa msimamizi walikuwa wametoka, mzee amekaa peke yake ananoa penseli.

"Mzee, vile vilivyokufa vinaondoka lini?"

"Lori likija."

"Naomba vitatu."

"Vya nini?"

Mzee alijua ni vya nini. Lakini aliuliza kama alivyomuuliza mtu yeyote anayetoa kitu stoo, kisha akasubiri, penseli imesimama kwenye kinoleo. Mama Kitambaa alikuwa ameandaa uongo mdogo njiani, wa kufunika vitambaa visiingie vumbi. Ulikuwa uongo mzuri. Aliuacha.

"Vya kujizungushia. Nina mtoto ananyonya, na ya kopo hayamkubali. Lazima nikamue mchana, na humu hamna mahali."

Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka yote. Msimamizi alipuliza unga wa penseli.

"Chukua vinne," akasema. "Vitatu vitaacha pengo."

Alipofika mlangoni ndipo alipomsikia nyuma yake akimwita Ngazi aache kile kiti kwanza.

Walivijenga upande wa ndani wa stoo, penye ukuta wa matofali. Ngazi alitafuta fremu ya kiti kilichokataliwa zamani, akaikata, akaisimamisha. Shoti alivuta waya wa taa moja tu na kuifunga mahali alipoonyeshwa, kwenye ukingo wa mbele, ikiangalia ndani. Mtu mmoja wa gundi alileta kiti cha plastiki, akakitazama, akaenda akarudi na mto wa kiti cha ndege wenye doa. Walifanya kazi, kila mmoja ana kitu mdomoni na hajui kipitie wapi. Mwishowe Ngazi, amebeba kioo cha mwisho kifuani, alisema akiwa anaangalia dari:

"Mama Kitambaa, mimi pua yangu imeonekana na shirika zima la ndege. Mkaguzi ameondoka nayo. Wewe uone haya ya nini?"

"Pua yako hiyo," Mama Kitambaa akasema, "ingeonekana hata bila taa."

Shoti alicheka mpaka akaangusha koleo. Ngazi akasema ameshamsamehe, kwa kuwa mama wa mtoto mchanga ni mgonjwa wa usingizi. Mambo yakarudi mahali pake, au karibu na mahali pake.

Lakini Mama Kitambaa hakuingia hivi hivi. Alimwambia Ngazi atangulie, akae, awashe. Akamwomba Shoti azime taa zote, za stoo na za karakana. Kisha alisimama nje gizani, akakisogelea kioo mpaka pua yake ikakaribia kukigusa, akarudi nyuma, akasogea kulia, akasogea kushoto, akainama. Alikikagua kama ambavyo hakuwahi kukikagua kioo chochote cha ndege.

"Unafanya nini humo?" akauliza.

"Nakuna pua," Ngazi akajibu kutoka ndani.

"Sioni."

"Basi nimemaliza."

Saa ya chakula ikafika, taa zikazimwa. Mama Kitambaa alichukua mfuko wake wenye pampu, chupa na barafu, akapita katikati ya karakana mbele ya watu wote bila kuvizia, akaingia kwenye chumba chake cha vioo vilivyokufa na kuvuta kile cha mwisho kikaziba. Mwanga ulimwangukia mapajani. Hapakuwa na maua, wala samaki, wala wale ng'ombe. Kulikuwa na weupe pande tatu, vioo viwili mbele na kimoja kila ubavu, na matofali nyuma yake.

Alifungua vifungo, akaweka pampu, akasubiri. Hakuna kilichokuja. Mwili ulikuwa bado unasikiliza.

Kutoka langoni alisikia minong'ono, halafu mtu akasema shika upande huo. Kisha ikasikika sauti ya miguu ya benchi ikikwaruza sakafu ya saruji, ndefu, mbaya, ya kuumiza meno. Ikafuata ya benchi la pili. Ikafuata ya tatu. Walikuwa wanayageuza. Mtu alikaa, mwingine akakaa, mfuniko wa bakuli ukafunguliwa, na Ngazi akaanza kueleza kwa sauti kubwa kwa nini yule golikipa afukuzwe, na Shoti akamwambia yeye mwenyewe angedaka nini na pua ile, na wote wakaanza kusema kwa pamoja, wakitazamana, kwenye mduara.

Mama Kitambaa aliegemeza kichwa kwenye matofali. Baada ya muda chupa ilianza kuingia uzito mkononi.